UVUNDO ULIOMO NYUMBANI
Mafundisho juu ya 3 Mose 14, 33–53



Neno tulilolichagua mwezi huu limo katika Kitabu cha Tatu cha Mose, nalo ni neno ambalo wengi wetu hulipita upesi tusomapo Agano la Kale kwa taratibu, maana twadhani ya kuwa ni habari za ukoma na za nyumba za kale tu. Huko Mungu anawaagiza Mose na Haruni yatakayofanyika watu watakapokaa katika nchi ya Kanaani, na mtu akaona katika kuta za nyumba yake madoa ya kijani au mekundu yaliyobonyea ndani ya ukuta. (Wenye Biblia ya zamani iliyofasiriwa na Roehl watamwona hapo mtambikaji, ndiye yule yule aitwaye kuhani katika Biblia nyingine.) Nami nataka tulisome neno hilo pamoja na jambo lililo katika nyumba zetu wenyewe, yaani uvundo utokao chooni na mahali pa kuogea, na jinsi asili yake inavyotafutwa.

Najua watakuwako wasomaji watakaouliza: Je, hili nalo ni jambo la kuandikwa katika gazeti la kanisa? Nawajibu: Mose hakuona haya. Katika Kitabu cha Tano, sura ya 23, askari wa Israeli wanaagizwa kuwa na mahali nje ya kambi, na kuchukua kijiti cha kuchimbia pamoja na silaha zao, wapate kufukia uchafu wao, kwa kuwa Bwana mwenyewe hutembea katikati ya kambi. Na Bwana Yesu, alipowafundisha wanafunzi wake kwamba chakula hakimtii mtu unajisi, alikitaja kile kiingiacho tumboni, akataja na mahali kitokapo kwenda, kama tusomavyo katika Marko 7. Basi tusiwe watakatifu kuliko Maandiko.

Kwanza tuangalie pua yenyewe. Katika Kiswahili twasema mtu "husikia" harufu, kama asikiavyo sauti, na msemo huo una maana. Pua husikia kwa muda, kisha hunyamaza. Mgeni akiingia katika nyumba yenye uvundo, hushtuka mlangoni. Mwenyeji aliyekaa ndani tangu asubuhi hana habari, wala hasemi uongo akisema hasikii kitu. Huo si ugonjwa. Ndivyo tulivyoumbwa, ili pua iwe tayari kwa jambo jipya isishughulike na lile la zamani. Lakini kwa sababu hiyo mtu atakaye kutafuta asili ya uvundo nyumbani mwake hana budi kutoka kwanza, akae penye upepo kitambo, kisha arudi na kuingia polepole. Au amwite jirani. Robo saa akikaa chumbani humo, ushahidi wake haufai tena.

Tena iko hatari kubwa kuliko hiyo. Katika mashimo ya vyoo na ya maji machafu huzaliwa hewa iitwayo haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo, hunuka kama yai bovu, na kila mtu huikimbia. Ikizidi sana, huiua nguvu ya pua kabla ya kumwua mtu mwenyewe. Basi yeye adhani ya kuwa harufu imekwisha, kumbe ndipo mauti yamekaribia. Watu wengi wamekufa hivyo katika nchi nyingi, mmoja ameshuka shimoni kulisafisha, wa pili ameshuka kumwokoa, na wa tatu nyuma yake. Walimu na wainjilisti, wafundisheni vijana wa sharika zenu: asishuke mtu katika shimo la choo wala la maji machafu, hata kama ndugu yake ameanguka humo mbele ya macho yake, bali aite watu na msaada wenye vyombo vya kuvutia hewa safi. Neno hili nalisema wazi, maana ni uhai wa watu.

Na usharika nao una pua. Mwinjilisti mgeni afikapo mahali, mara nyingi siku ya kwanza husikia ya kwamba liko jambo: watu wa upande huu wa kanisa hawawasalimu wa upande ule, hesabu ya sadaka husomwa haraka haraka, jina la mtu fulani likitajwa wote hutazama chini. Akiuliza, huambiwa, "Hapa kwetu hakuna neno." Nao wasemao hivyo hawasemi uongo. Wamekaa ndani siku nyingi.

Mtu asikiapo uvundo, wazo la kwanza ni kuufunika. Hufukiza ubani au udi, huning'iniza vidonge vya nafthalini, hununua chupa ya manukato iliyochorwa maua. Wakubwa wa ulimwengu wamefanya vile vile. Mwaka 1858, wakati wa joto, mto wa Thames katika mji wa London ulinuka hata wabunge hawakuweza kukaa barazani pao, kwa maana uchafu wa mji mzima ulikuwa ukimiminwa mtoni. Walifanya nini kwanza? Waliamuru mapazia ya madirisha yalowekwe katika maji ya chokaa yenye klorini. Mapazia hayakuwasaidia. Ndipo mwaka uo huo wakapitisha sheria, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kujenga mifereji mikubwa chini ya ardhi ya kuuchukua uchafu mbali na mji.

Hapo pana jambo la kuangaliwa. Watu wengi wenye elimu katika siku zile waliamini kwamba harufu mbaya yenyewe ndiyo iletayo kipindupindu. Mganga John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street, kwamba ugonjwa uliwafikia watu kwa maji waliyoyanywa kutoka pampu moja. Lakini wengi hawakukubali. Basi walijenga mifereji kwa kuikimbia harufu, na kwa kuiondoa harufu wakauondoa uchafu katika maji. Harufu si ugonjwa. Harufu ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Huulizwa ametoka wapi.

Wengine hawaridhiki na manukato, humwaga dawa kali, na hii isipoleta nafuu huongeza nyingine juu yake. Mjihadhari. Dawa ya klorini ikichanganywa na dawa ya asidi ya kusafishia vyoo, au hata na siki, hutoa hewa ya sumu ichomayo mapafu. Katika chumba kidogo kisicho na dirisha yaweza kumwangusha mtu mzima.

Sasa turudi kwa Mose, tuone utaratibu wake. Mwenye nyumba akiona doa ukutani, huenda kwa kuhani na kusema ya kwamba anaona kitu kilicho kama pigo nyumbani mwake. Angalieni lile neno "kama". Hasemi, "Nyumba yangu ina pigo." Hasemi, "Fulani ameleta pigo." Asema alichokiona, wala hazidishi. Kisha kuhani, kabla hajaingia, huamuru vyombo vyote vitolewe nje, ili visihesabiwe kuwa najisi pamoja na nyumba. Neno hilo hunishangaza kila nilisomapo. Mungu aliyeziumba mbingu anavihurumia vyungu vya mtu maskini, mikeka yake na kinu chake, visije vikahukumiwa kwa ajili ya ukuta. Halafu kuhani huingia, hutazama. Hasemi neno, hutoka, huifunga nyumba siku saba. Siku ya saba hurudi. Ikiwa doa limeenea, huamuru mawe yale tu yenye doa yang'olewe, na udongo ukwanguliwe, yatiwe mawe mengine, na nyumba ipakwe upya. Kisha hungoja tena. Ni pale tu pigo linaporudi baada ya hayo yote ndipo nyumba hubomolewa.

Wapenzi, linganisheni na desturi yetu! Sisi tungeanza na kubomoa.

Fundi mwema wa mabomba hufuata njia ya kuhani, ingawa pengine hajaisoma sura hii. Hapigi nyundo siku ya kwanza. Huuliza: Uvundo huu huja lini? Asubuhi, au baada ya watu kuoga, au baada ya nyumba kukaa bila watu? Hukaa chini, maana harufu ya tundu la sakafuni husikika karibu na sakafu kuliko kichwani pa mtu aliyesimama. Kisha huziba matundu moja moja kwa kitambaa kilicholoweshwa, leo hili, kesho lile, na kuufunga mlango usiku kucha. Asubuhi hufungua na kusikiliza kwa pua. Tundu lililozibwa usiku ambao uvundo haukutokea, ndilo lenye neno.

Naye anajua ya kuwa jambo la kwanza la kuangaliwa ni maji. Chini ya kila beseni, na chini ya tundu la sakafu, na ndani ya kiti cha choo chenyewe, bomba limepindwa likashuka, likapanda kidogo, kisha likashuka tena, mfano wa shingo ya bata. Katika kipindo hicho hubaki maji, kina chake kama vidole vitatu. Maji hayo machache ndiyo mlango uliofungwa kati ya nyumba na shimo. Hayana bei, hayaonekani, wala hapana mtu ayashukuruye. Alexander Cumming, fundi wa saa mzaliwa wa Scotland, ndiye aliyepewa hati ya serikali huko London mwaka 1775 kwa choo chenye bomba la kupindwa namna hiyo. Na hata leo, katika nyumba za fahari na za kawaida, hatujapata mlango ulio bora kuliko ule. Lakini mlango wa maji una udhaifu mmoja: hukauka. Chumba kisipotumiwa majuma machache, hasa wakati wa jua na upepo, maji huondoka kidogo kidogo kama mvuke, na siku moja shimo na chumba huwa kitu kimoja. Hakuna kilichovunjika. Hakuna aliyetenda ubaya. Maji hayakumwagwa tu.

Ikiwa maji yamo na uvundo ungaliko, fundi huendelea. Hutazama kama bomba la hewa lipandalo juu ya paa limezibwa na kiota cha ndege au cha nyigu, maana likizibwa, maji yashukayo kwa nguvu huyavuta yale ya kipindoni na kuyaacha makavu. Hutazama mahali kiti cha choo kilipoungwa na sakafu, kama pana unyevu usiokwisha. Hufungua bomba la beseni, na mara nyingi hukuta utelezi mweusi wa sabuni na nywele, kitu kidogo chenye uvundo mkubwa. Hutazama shimo la nje kama limejaa. Tena hatasahau ufagio wa kamba ulioachwa umelowa nyuma ya mlango, wala panya aliyefia darini. Nyumba nyingi zimebomolewa sakafu kwa ajili ya panya mmoja.

Wenye vyoo vya shimo wasidhani kwamba hayo hayawahusu. Choo cha shimo chenye bomba refu la hewa, namna ile iliyotengenezwa huko Zimbabwe katika miaka ya 1970, hakinuki kikitunzwa: upepo upitao juu ya bomba huivuta hewa mbaya kutoka shimoni, na mainzi, yakiufuata mwanga ulio juu, hunaswa na wavu. Lakini ondoa wavu, au kata bomba liwe fupi kuliko paa, au acha shimo lijae, utaona.

Mafundi wa Uingereza katika karne ya 19 walikuwa na njia moja ambayo naipenda sana. Walipotaka kujua ni wapi bomba lililozikwa lavuja, walimwaga mafuta ya peremende katika bomba kwa juu, pamoja na maji ya moto, kisha mtu akapita katika vyumba akinusa mahali ambapo peremende ingetokea. Walishika sharti moja: yule aliyeyamwaga mafuta asiingie ndani kunusa, kwa kuwa ananuka peremende mikononi na nguoni, na kila chumba aingiacho kitaonekana kina hatia. Wazee wa kanisa, lifikirini sharti hilo mnapoketi barazani kuamua magomvi.

Niwape mfano wa nyumba moja. Katika usharika ambao sitautaja palikuwa na nyumba ya wageni yenye vyumba vinne, kila kimoja na mahali pake pa kuogea. Wageni hawakuwa wengi. Pengine mwezi mzima ulipita vyumba vimefungwa. Mama mmoja mjane alipewa kazi ya kuisafisha, na mshahara wake mdogo ndio uliowalisha wajukuu wawili. Ikawa kila wageni walipofika kwa mkutano, walilalamika juu ya uvundo. Wazee wakanunua manukato. Uvundo ukazidi manukato. Wakanunua dawa. Siku mbili tatu kulikuwa na nafuu, kisha hali ikarudi ile ile. Ndipo mmoja wao akasema, "Yule mama hasafishi." Mwingine akasema amemwona akirudi kwake mapema. Wa tatu hakuwa ameona kitu, lakini akatikisa kichwa kama mtu ajuaye mengi.

Akaitwa. Akasimama mbele yao akasema, "Wazee wangu, kila Ijumaa nafuta sakafu zote nne, sijaruka hata moja." Wakamjibu ya kuwa pua zao zashuhudia neno jingine. Akaondolewa kazini, na Jumapili ikasomwa katika matangazo kwamba nyumba ya wageni imekosa uangalizi na mtu mwingine anatafutwa. Jina halikutajwa. Kila mtu alilijua.

Akaja mwingine, kijana mwenye nguvu. Uvundo ukabaki. Miezi miwili ikapita, na hapana aliyekumbuka kusema, "Basi hakuwa yeye."

Ikatokea ya kwamba fundi mmoja mzee aliitwa kutengeneza mabati ya nyumba ile. Alipoingia kunawa mikono akasimama, akauliza, "Ni lini mara ya mwisho maji yalimwagwa katika tundu hili?" Hakuna aliyejua. Akachukua bua refu la nyasi akalisukuma ndani ya tundu la sakafu, akalitoa. Lilikuwa kavu hata ncha. Akamwaga ndoo moja katika kila chumba, akafunga milango akaenda zake. Kesho yake vyumba vitatu havikunuka. Cha nne kilinuka kidogo. Kiungo cha choo kilikuwa kimepasuka, akakitengeneza siku ile ile.

Kisha mzee akauliza neno ambalo hakuna aliyelitaka. Mbona mama aliyefuta sakafu kila Ijumaa hakumwaga maji? Wakafungua kitabu cha kumbukumbu za wazee. Humo waliona, kwa mwandiko wa karani wao, amri ya mwaka uliotangulia: kwa sababu hesabu ya maji ya kila mwezi imepanda, msafishaji asimwage maji kwa ndoo, atumie kitambaa chenye unyevu tu. Yule mama alikuwa ametii. Uvundo ule ulitoka katika amri yao wenyewe, na aliyeadhibiwa ni yule aliyeishika.

Asidhani mtu kwamba hayo ni mambo madogo ya nyumba za wageni. Mwezi wa Machi 2003, katika mji wa Hong Kong, palikuwa na majengo marefu yaitwayo Amoy Gardens, ghorofa 33 kila moja. Ugonjwa wa SARS ulikuwa umeanza kuenea. Mtu mmoja mgonjwa alikuja kumtembelea ndugu yake katika jengo la tano, naye alikuwa akiharisha, akatumia choo. Baada ya siku chache watu wa majengo yale wakaugua kwa makumi, hata idadi yao ikapita 300, na 42 wakafa. Wachunguzi walipotafuta njia ya ugonjwa, walieleza ya kwamba vipindo vya maji katika sakafu za vyumba vya kuogea vilikuwa vimekauka, kwa maana wenyeji walikuwa na desturi ya kufuta sakafu kwa kitambaa wala hawakumwaga maji. Na mashine za kuvuta hewa zikavuta kutoka katika bomba kuu matone madogo yenye ugonjwa, zikayaingiza vyumbani. Maji ya vidole vitatu yalikosekana. Katika nyumba zile wako bila shaka waliosikia harufu siku nyingi kabla, wakaizoea.

Sasa tusemeje juu ya sharika zetu? Nasema ya kwamba mambo mengi yanukayo kati yetu si kazi ya mtu mbaya aliyejificha, ingawa wako na watu wa namna hiyo. Akani alikuwako, tumsomaye katika Yosua 7, aliyezika vazi na fedha na kabari ya dhahabu chini ya hema yake, Israeli wote wakashindwa vitani kwa ajili yake. Lakini hata yeye Yosua hakumshika kwa uvumi. Makabila yalikaribishwa moja moja, kisha jamaa, kisha nyumba, kisha mtu na mtu, kazi ya siku nzima tangu alfajiri. Na Akani aliposimama mbele yake, Yosua alimwita mwanangu. Tena hakumhukumu kwa kura peke yake. Alimtaka aungame, akatuma wajumbe wakachimbe hemani, na vitu vikaletwa vikaonekana kwa macho.

Mara nyingi zaidi, lakini, jambo ni la mlango uliokauka. Palikuwa na desturi ya kupatana kabla ya Chakula cha Bwana. Mwenye neno na ndugu yake alimwendea Jumamosi jioni. Hapana aliyeikataza desturi hiyo. Ilikauka tu. Palikuwa na wazee waliowatembelea wagonjwa kila juma. Baadaye kila mwezi. Baadaye walituma salamu. Nyumba ya familia ilikuwa na sala ya jioni, hata baba alipopata kazi ya mbali, wala hakuna aliyeiendeleza. Miezi ikapita, na mambo yaliyo chini yakapata njia ya kupanda: kijicho, masengenyo, hofu. Nasi twanunua manukato. Twaongeza kwaya, twapamba madhabahu, twafanya sikukuu. Haya ni mema yote, ila hayakai kipindoni.

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliieleza hivi kwa maana yake: si kunyamaza tu tusimseme vibaya, bali kumtetea, na kuyafasiri mambo yake kwa upande ulio mwema. Wale wazee hawakumfasiri mama yule kwa upande wo wote isipokuwa ule uliokuwa mwepesi. Vyungu havikutolewa nje kabla ya nyumba kutazamwa.

Labda msomaji anajua asili ya uvundo nyumbani mwake, anaogopa kuifunua. Martha naye aliogopa. Lazaro alikuwa kaburini siku nne, na Bwana alipoamuru jiwe liondolewe, Martha alimkumbusha kwa upole kwamba sasa ananuka. Alisema kweli. Bwana hakumkatalia neno lake wala hakuleta manukato; aliamuru jiwe liondolewe vile vile, mbele ya watu wote waliokuwapo. Hapana njia ya kumtoa mfu huku kaburi limefungwa.

Sheria ya Mose ina neno moja zaidi ambalo limesahauliwa. Nyumba ikipona, kuhani yule yule aliyeifunga ndiye atakayetamka kwamba ni safi. Haachi watu wajionee wenyewe taratibu. Hurudi, hutazama, hutamka, na ndege aliye hai hufunguliwa aruke nje ya mji.

Wale wazee walilitambua jambo hilo, nami nawasifu kwa hilo. Walikwenda wote nyumbani kwa mama yule, si mmoja kwa niaba ya wengine, wakamwambia mambo yalivyokuwa, wakamwomba awasamehe na arudi kazini. Akawapa viti, akawasikiliza hata mwisho. Kisha akasema, "Wazee wangu, nimewasamehe. Kurudi nitarudi. Lakini lile lilisomwa kanisani." Wakatazamana. Karani akatoa kitabu chake, wakaandika pale pale, amri ya maji ikafutwa na sababu yake ikatajwa, na jina la mama likaandikwa pamoja na neno kwamba hakuwa na hatia. Jumapili iliyofuata likasomwa, baada ya matangazo ya ndoa.

Amina.